Kilima cha Mita 518

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wafanyakazi wa vijijini wakati wa semina ya mipango ya mwaka

Nimeombwa niseme machache juu ya ziara yetu ya Uskoti. Mengi mmeshayasoma katika taarifa. Leo naomba niwasimulie siku moja tu, ile tuliyopanda kilima. Katika taarifa niliiandikia mstari mmoja, kwamba “tulitembelea kilima cha kihistoria”, na mstari huo haukusema kweli yote.

Kilima chenyewe kinaitwa Mither Tap. Kiko katika safu ya Bennachie, kaskazini-magharibi ya jiji la Aberdeen, na urefu wake ni mita 518 kutoka usawa wa bahari. Tulipoambiwa hivyo tuliangaliana tukacheka. Sisi tunaamka kila siku tukiutazama Kilimanjaro wenye mita 5,895. Hata soko letu la Moshi liko juu kuliko kilele chao! Kijana wetu mmoja alisema angepanda kwa kandambili.

Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu, hakucheka. Alitugawia makoti ya mvua, na baadhi yetu tukayapokea kwa heshima tu. Tulikuwa saba pamoja naye, na kati yetu alikuwamo Mama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwenye miaka 63. Ndani ya koti alivaa sweta ya pamba, na miguuni raba za kitambaa.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, na mteremko wote ulikuwa na rangi ya zambarau. Hayo ni maua ya kichaka kifupi cha jamii moja na erika, ile inayoota Kilimanjaro juu ya msitu, ila ya kwetu hukua hata kuwa mti. Hiyo yao hufika magotini, na vijitawi vyake ni vigumu kama waya. Ukiiangalia kwa mbali ni zulia. Ukitoka nje ya njia, huoni unapokanyaga, maana chini yake kuna mawe, mashimo na udongo mweusi unaoshika maji kama sifongo. Tulinyanyua miguu kama watu wanaovuka jaruba la mpunga.

Tulianza kwa jua. Haikupita nusu saa wingu likatushukia, kisha mvua ikaja kwa ubavu, si kutoka juu kama tulivyozoea. Jua likarudi, tukavua makoti. Mara upepo na mvua ya mawe! Mimi nilivaa na kuvua koti mara nne, na katikati ya hayo yote nikalowa.

Mama alikuwa akiimba tangu chini. Sikumbuki aliacha saa ngapi. Mwalimu ndiye aliyetambua ukimya ule. Alimwomba afunge kifungo cha koti, na vidole vikakataa. “Sijambo, twendeni,” Mama alisema, lakini maneno yalitoka mazito, na alikuwa akitetemeka.

Kilele kilikuwa mbele yetu, miamba ya matale na kuta za ngome ya kale. Nilikadiria robo saa. Nikasema, na ndilo sikuliandika, “Mama apumzike hapa na mtu mmoja, sisi twende tukapige picha, halafu turudi.”

Mwalimu akasema hapana, mara moja tu. Akatueleza kwamba nguo mbichi na upepo hunyang’anya mwili joto upesi kuliko mwili unavyolitengeneza, na kwamba mtu anaweza kuwa hatarini hata kama maji hayajaganda. Akishatetemeka, mikono ikishindwa kazi na ulimi ukiwa mzito, haachwi ameketi kwenye upepo akisubiri wenzake. Dada wawili walimkinga Mama kwa kanga nyuma ya mwamba, akavua sweta ile na kuvaa ya sufu iliyo kavu, na kofia. Akanywa chai ya moto yenye sukari nyingi. Kisha tukateremka, Mama akiwa mbele, sote tukifuata mwendo wake.

Nilikasirika njia nzima, nisiwafiche. Nilisafiri kutoka Moshi nikashindwa na kilima kidogo! Nilikuwa karibu chini ndipo nilipofikiri kwamba yule mzee alibeba sweta mbili zisizo zake, na mimi nilibeba kamera. Nikakumbuka pia kijiji kimoja tulichokiita kidogo kwa kuhesabu kaya zake, tukakipangia wiki mbili za kisima. Mnakijua, na mnajua tulikaa huko muda gani.

Msituni chini ya kilima tulikuta misingi ya nyumba za mawe. Katika karne ya 19 watu wasio na ardhi walijenga na kulima pale, maana palikuwa mahali pa wote. Mwaka 1859 eneo hilo likagawanywa kati ya wenye mashamba makubwa ya jirani, na wale waliolifyeka wakageuka wapangaji. Wa mwisho wao alifariki mwaka 1939.

Sisi wengine tulikuwa tukitafuta mahali pazuri pa kupiga picha. Mama, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, alizunguka ukuta mmoja polepole akauliza, “Na maji walichota wapi?”

Mwalimu akamshika mkono, akampeleka kwenye kijito.