Gesi Haiuzwi ya Buku: Mwananchi wa Kawaida na Sera za Mazingira



Naomba tuanzie Manzese, jijini Dar es Salaam, kwenye kibanda cha muuza mkaa. Mbele yake yamepangwa makopo ya rangi yaliyorundikwa mkaa hadi juu ya mdomo. Mama lishe hanunui gunia. Asubuhi hununua kopo moja la kuchemshia chai na kukaangia maandazi. Fedha za wateja wa kwanza zikiingia, hununua kopo la wali na maharage. Mkaa unakwenda sawa na mfuko wake. Mtungi wa gesi unamtaka alipe leo moto wa wiki kadhaa zijazo. Mwambie kwamba kwa hesabu ya mwezi gesi inaweza kumpunguzia gharama, wala hatakubishia. Atakujibu tu kwamba gesi haiuzwi ya buku.

Miaka mingi sisi wasomi tumeandika kwamba mwananchi wa kawaida hana uelewa wa mazingira, na kila mradi ukaja na fungu lake la kutoa elimu. Nasema waziwazi kwamba tumemsingizia. Mchoma mkaa aliyekuwa akikata mti nyuma ya nyumba, na leo anatembea nusu siku kuufikia, habari ya msitu kuisha anaijua kwa miguu yake.

Tazameni mifuko ya rambo. Juni 1, 2019 ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na sokoni ilitoweka haraka kuliko wengi wetu tulivyotarajia. Watu walirudia vikapu vya ukili au wakanunua mifuko mbadala, kwa sababu ilikuwa palepale mezani kwa muuza nyanya, kwa bei ya shilingi mia chache. Sasa rudini nyuma hadi mwaka 2006, Serikali iliposimamisha uvunaji na usafirishaji wa mkaa. Bei ilipaa jijini Dar es Salaam, sufuria zikabaki zilezile, na katazo likaondolewa kabla halijadumu. Wananchi walikuwa walewale. Tofauti ni kwamba mwaka 2006 hawakuonyeshwa watapikia nini kesho yake.

Wanaosema kijijini mambo ni magumu zaidi nawaalika Kilosa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kumiliki msitu wake wa hifadhi. Kuanzia mwaka 2012, baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilipanga kuvuna mkaa kwa zamu: kitalu cha mita 50 kwa 50 kinakatwa, kinachopakana nacho kinaachwa, visiki vinachipua, na mvunaji harudi hapo hadi miaka 24 ipite. Ushuru uliingia kwenye mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ukaamua matumizi yake, yakiwemo madarasa. Mahali kama hapo kamati ya maliasili inapofanya doria, inalinda mali ya kijiji chake yenyewe. Sioni semina inayoweza kuzaa ari ya namna hiyo.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, maana moshi wa jikoni unaua, na wa kwanza kuuvuta ni akina mama na watoto waliobebwa mgongoni. Tena dawa ya lalamiko la Manzese imekwisha kuonekana: mitungi yenye mita, ambayo mtu huilipia kidogokidogo kwa simu. Aliyeibuni alisikiliza hoja ya kopo. Mitungi hiyo bado haijamfikia kila anayeihitaji, na hapo ndipo fedha ya umma ingeanzia.

Wanafunzi wangu, baadhi yenu mtakwenda kufanya kazi wizarani. Siku mtakapoletewa rasimu ya katazo, ulizeni kopo la mkaa linauzwa shilingi ngapi Manzese asubuhi hiyo, kisha ulizeni fedha hiyohiyo itamnunulia mama lishe moto gani katazo likianza. Rasimu isiyo na jibu, naomba muirudishe kwa aliyeiandika.