TUNDA LA MTOTO NA MDOMO WA MBWA

Leo tutaongea juu ya jambo linaloonekana dogo: matunda tunayowapa mbwa wetu nyumbani.

Msimu wa maembe ukifika, hapa Mashuuru tunayapata kutoka kwa majirani zetu wa Makueni, kupitia Emali na Sultan Hamud. Mtoto ameketi mlangoni anakula, na mbwa anamtazama. Mtoto anauma, anampa mbwa alambe, kisha anauma tena. Sisi watu wazima tunacheka na kusema, "Tazama wanavyopendana!" Mama, hapo ndipo pa kusimama na kuingilia kati.

Je, ni vibaya mbwa kula matunda? La, si vibaya, mradi yawe kidogo tu. Chakula chake kikuu kibaki kile kile cha kila siku. Waweza kumpa kipande cha ndizi iliyomenywa, tikiti maji bila ganda na mbegu, papai bila mbegu, au nyama ya embe. Kokwa la embe na la avokado usimpe, kwa maana humkwama kooni au kuziba matumbo. Zabibu usimpe kabisa, ziwe mbichi au kavu zile za kwenye keki, kwa sababu huharibu figo za mbwa. Ukwaju pia uweke mbali naye. Akila vitu hivi kisha atapike na kulegea, muite daktari wa mifugo mara moja.

Sasa tumgeukie mtoto. Mbwa hujilamba sehemu ya nyuma, kisha humlamba mtoto mikono na uso. Mbwa aliyekula maini au mapafu yenye malengelenge ya maji, ya mbuzi, kondoo au ng'ombe, hupata minyoo midogo sana ya tegu. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake na kushika kwenye manyoya na mdomo. Mtoto akiyameza, uvimbe wa maji huota ndani ya ini au mapafu yake, polepole, kwa miaka mingi, bila maumivu mwanzoni. Ukigunduliwa, huenda akahitaji dawa kwa muda mrefu au upasuaji. Ugonjwa huu upo katika jamii zetu za wafugaji. Kwa hiyo siku ya kuchinja, viungo vyenye malengelenge vichomeni moto au mvizike kwa kina. Msimtupie mbwa. Muulizeni pia daktari wa mifugo juu ya dawa ya minyoo ya mbwa na mara ngapi apewe.

Jambo la pili ni kuumwa. Mama mmoja alituletea kliniki mwanawe wa miaka minne, shavu limechanika. Mbwa alikuwa wao wenyewe, mpole siku zote. Alikuwa akiguguna kokwa la embe, na mtoto akataka kumnyang'anya. Nyumbani walipaka majivu, wakangoja siku mbili, kwa sababu "ni mbwa wetu." Tulipomuuliza mama kama mbwa amechanjwa, aliinamisha kichwa. Mtoto alianza sindano siku hiyo, akazimaliza zote, na leo ni mzima. Lakini siku zile mbili zingeweza kumgharimu maisha.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, chanjo huzuia. Mwaka 2014 nchi yetu ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Mpango huo hautafaulu bila sisi nyumbani.

Mtoto akiumwa, akikwaruzwa, au akilambwa penye kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Maji ya kuteka ni ya taabu kwetu, najua, lakini siku hiyo yamwage. Usipake majivu, tumbaku wala mafuta. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wenu. Cha usoni kina haraka zaidi kwa sababu kiko karibu na ubongo. Akianza sindano, azimalize zote.

Basi, mama, ukitaka mbwa aonje tunda, fanya hivi. Kata kipande wewe mwenyewe, toa kokwa na mbegu, ukiweke katika chombo cha mbwa, mbali na watoto. Mtoto asimlishe mbwa kwa mkono, asile alichokilamba mbwa, wala asimguse akiwa anakula. Kabla ya kula, aoshe mikono kwa sabuni, na tunda lenyewe lioshwe. Na mbwa achanjwe kila mwaka.

Mbwa hulinda boma na mifugo usiku kucha, na anastahili kutunzwa. Nawe mlinde mtoto. Jioni ya leo, kabla hamjala, angalia mbwa wenu anakula kwa chombo gani. Kama ni sahani ya mtoto, mtafutie sufuria yake kuukuu leo leo.