KICHEKO CHA UWANJA WA MNADA

Maneno yaliyosomwa mbele ya washarika na wageni katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika



Vitabu vya historia ya sharika vina desturi ya kuhesabu mambo yanayohesabika. Huandikwa mwaka wa kuchimba msingi, idadi ya bati zilizoezekwa, majina ya wachungaji kwa mfuatano wao, na siku ambayo kengele ilipandishwa mnarani. Mambo hayo ni ya kweli na yanastahili kutunzwa. Lakini msharika aliyehamia Dar es Salaam au Mwanza, akiulizwa anakumbuka nini kuhusu kanisa la nyumbani, ni nadra aanze na bati. Hucheka kwanza, kisha husimulia habari ya mnada. Kwa sababu hiyo imeonekana vyema kwamba, katikati ya kurasa zenye tarehe na takwimu, ziwepo pia kurasa chache za kicheko hicho.

Mnada wa mazao baada ya ibada haukuanza kama mchezo. Injili ya Kilutheri ililetwa Kilimanjaro na wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, nao wakaanzia Machame. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani katika nchi, na vikundi vya Wakristo wa mlimani vikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, mpaka wamisionari walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1920. Usharika huu ni mtoto wa kipindi hicho. Mwalimu wa wakati ule alifundisha watoto kusoma asubuhi, akatembelea wagonjwa mchana, akaongoza sala jioni, wala hakuwa na mshahara wa kuutegemea. Fedha yenyewe ilikuwa adimu. Senti zile zenye tundu katikati zilitungwa kwenye uzi na kufichwa kwa ajili ya kodi. Kilichokuwapo ni ndizi, maharage, magimbi, maziwa na kuku. Mkristo alitoa alichonacho, na aliyehitaji kitu hicho akakinunua, ili fedha ipatikane kwa kazi ya Bwana.

Baadaye kahawa ilileta fedha, hasa baada ya wakulima wa mlimani kuunganishwa katika chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Hata hivyo fedha ya kahawa ilikuwa na msimu wake. Msimu ulipopita, bahasha ya ahadi ilikuwa nyepesi, bali mgomba uliendelea kuzaa. Na mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka, wapo waliong'oa mibuni vihambani mwao, lakini hawakuacha kubeba kapu la sadaka. Ndiyo maana mnada umedumu. Ulikuwapo kabla ya KKKT kuundwa mwaka 1963, nao upo hata leo.

Utaratibu wake unajulikana na wengi. Baraka ikishatolewa, watu hutoka kwa wimbo na kusimama uwanjani. Mzee wa mnada huinua kitu kimoja kimoja, hutaja bei ya kuanzia, na walio karibu huongeza. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba kitu kilichokwisha kununuliwa mara nyingi hurudishwa. Mnunuzi hulipa, kisha husema, "Kiuzwe tena." Yai moja limewahi kuuzwa uwanjani hapo mara saba. Mnunuzi wa saba, kwa furaha yake, alilibana mno, likapasukia kiganjani. Kukawa kimya kidogo. Mzee wa mnada akatangaza, "Yai limevunjika, sadaka ni nzima. Lipa, ndugu yangu." Akalipa kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi kwa mkono huo, maana wa kulia ulikuwa unachuruzika.

Jogoo mmoja naye ameacha jina. Ilikuwa Jumapili ya Kwaresima, na mahubiri yalihusu Petro uani kwa kuhani mkuu. Jogoo huyo, aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, alikuwa amelazwa chini ya benchi la nyuma akingoja mnada. Mchungaji alipofika pale Petro anapomkana Bwana mara ya pili, jogoo akawika kwa sauti iliyojaza kanisa. Mchungaji akanyamaza, akatazama Biblia yake, akasema kwa upole, "Huyu amewahi. Bado mara moja." Waliokuwapo husema kwamba siku ile hata wazee wa kanisa, ambao kazi yao ni kuwakemea watoto wanaocheka ibadani, waliinamisha vichwa na mabega yao yakatikisika. Uwanjani kwaya ilichanga fedha, ikamnunua jogoo na kumkabidhi mchungaji. Mchungaji alimfuga mpaka akazeeka. Kila aliyependekeza achinjwe alijibiwa kwamba shahidi hachinjwi.

Lipo pia simulizi la baba mmoja na mkungu wake. Alikuwa na mgomba wa mshare nyuma ya nyumba, aliokuwa akiutunza kwa ajili ya wakwe waliotazamiwa mwisho wa mwezi. Alimwonya mkewe mara mbili kwamba mkungu ule usiguswe. Mama hakubishana. Jumapili alfajiri, baba alipokwenda mapema kufanya mazoezi ya kwaya, mama aliukata, akaufunika kwa majani, akaupeleka kanisani. Mnada ulipofika, mkungu ukainuliwa, na watu wakashangaa ukubwa wake. Baba aliona kwamba unafanana na ule wa kwake, akasema moyoni kwamba sasa wakwe watapata mikungu miwili. Akapandisha bei. Sauti ya mama kutoka upande wa wanawake ikaongeza. Akapandisha tena, na mama akaongeza tena. Baba, kwa kuwa hakutaka kushindwa na mkewe mbele ya watu, alitaja bei iliyowanyamazisha wote. Alifika nyumbani akitweta, mkungu begani, akakuta shina limekatwa na utomvu haujakauka. Majirani walisubiri kusikia ugomvi. Walichosikia ni kicheko cha watu wawili, kisha harufu ya mtori. Inasemekana kwamba tangu siku hiyo, kila mkungu ulipokaribia kukomaa, baba huyo ndiye aliyemwuliza mkewe ni upi wa Bwana.

Masimulizi haya yanafurahisha, lakini historia iliyo aminifu haina budi kusema pia kwamba si kila kicheko kilichosikika uwanjani hapo kilikuwa chema. Mwaka mmoja wa ukame liliinuliwa kopo dogo la maharage, halijafika hata nusu. Mzee wa mnada, ambaye alipendwa kwa maneno yake ya kuchangamsha, aliuliza kama maharage hayo ni ya kuwapikia sisimizi. Watu wakacheka sana. Nyuma yao mama mmoja mjane alimbeba mwanawe mgongoni, akashika njia ya chini bila kuaga mtu. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala ile ya pili, wala ya tatu. Mwinjilisti alipomtembelea ndipo ikajulikana kwamba yale maharage yalikuwa nusu ya mbegu aliyoitunza kwa kupanda. Nusu alimtolea Mungu, nusu aliibakiza kwa ajili ya mvua.

Mzee wa mnada alipopewa habari hiyo hakujitetea. Alikwenda mpakani mwa kihamba chake, akachuma jani la isale, akashuka nalo mpaka kwa yule mama. Kila aliyelelewa mlimani anajua maana ya jani hilo. Mkosaji akilileta, amekiri bila kuongeza neno, na aliyekosewa huona ni vigumu sana kulikataa, maana kwa desturi ya wazee kulikataa isale ni kukataa amani yenyewe. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alimkaribisha mzee kiti, akampa maji ya kunywa, na habari ya kopo haikutajwa.

Jumapili iliyofuata mama alikuja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na juu ya mzigo alikuwa amechomeka lile isale, likiwa limeanza kukauka. Zamu ya mzigo huo ilipofika, mzee wa mnada aliutazama, midomo ikatetemeka, sauti ikakataa kutoka. Watu walingoja. Basi mama mwenyewe akatoka mbele, akainua mkono, akasema, "Haya, nani anaanza? Na asicheke mtu kabla hajatoa!" Uwanja mzima ulicheka, na safari hii mzee alicheka pamoja nao huku akijifuta macho. Mzigo ule uliuzwa na kurudishwa mara nyingi kuliko kitu chochote siku hiyo, mpaka ng'ombe wa jirani akalia kwa njaa na watu wakakumbuka kwamba majani yapo kwa ajili ya kuliwa. Tangu hapo pana kanuni ambayo haikuandikwa katika kumbukumbu za Baraza la Wazee, lakini kila mzee wa mnada huifundishwa na aliyemtangulia: kitu hakitajwi udogo wake, na atoaye hachekwi.

Hapo ndipo lilipo fundisho ambalo karne ya kwanza inaikabidhi karne ya pili. Maandiko Matakatifu yanakijua kicheko cha aina zote mbili. Sara alicheka hemani kwa kutosadiki, naye Mungu hakumwacha hapo, bali alimpa mtoto ambaye jina lake, Isaka, lina maana ya kucheka. Na katika Injili ya Marko, Bwana aliketi kulielekea sanduku la hazina akitazama jinsi watu wanavyotoa, na aliyemsifu ni mjane wa senti mbili. Haikuandikwa kwamba alikuwapo mtu wa kumcheka mjane yule; lakini kama angekuwapo, ni dhahiri Bwana angesimama upande gani.

Urithi wa Kilutheri nao haukuwahi kukionea haya kicheko cha nyumbani. Martin Luther alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na nyumba yao huko Wittenberg, iliyokuwa zamani monasteri, ilijaa watoto, wanafunzi na wageni. Katharina ndiye aliyesimamia bustani, mifugo na matumizi yote, hata mumewe akazoea kumwita kwa utani "Bwana Käthe". Wanafunzi waliokula pamoja nao waliyaandika mazungumzo ya mezani, nayo yakachapishwa mwaka 1566, miaka 20 baada ya kifo cha Luther. Ndani yake mafundisho mazito ya imani yamekaa pamoja na mzaha, kama vile kapu la mnada linavyobeba mayai na magimbi bila kugombana.

Siku hizi mambo yamebadilika. Sadaka hutumwa kwa simu ya mkononi, na wapo vijana waishio mbali wanaopiga simu wakati wa mnada ili waongeze bei ya ndizi za mama zao. Si jambo baya. Jumapili moja kijana wa namna hiyo alishindana kwa simu na mtu asiyemjua, akashinda kwa bei kubwa, ndipo akaambiwa kwamba aliyekuwa akishindana naye ni mama yake, aliyetaka kuzirudisha ndizi nyumbani ili ampelekee. Fedha ilifika kanisani na ndizi zilisafiri kwa basi usiku uleule. Simu inaweza kuleta fedha, nayo inaweza kuleta hata kicheko. Lakini haioni mama anayeshika njia ya chini. Kwa hilo lazima wawepo watu uwanjani, wenye macho ya kutazama nyuma ya umati.

Kwa hiyo, Baba Askofu na wageni waheshimiwa, usharika unapoingia karne yake ya pili una mipango ya majengo, ya shule ya awali na ya vyombo vya kwaya, nayo yote imeelezwa mahali pake katika kitabu hiki. Pamoja na mipango hiyo, watoto wa Shule ya Jumapili wapewe nafasi ya kusimama mbele kabisa uwanjani, waone kitu kidogo kikipewa thamani kubwa, na wacheke pamoja na wakubwa wao. Wafundishwe kurudisha walichonunua. Na waonyeshwe ulipo mstari wa masale mpakani, ili siku watakapomwumiza mwenzao kwa mzaha wajue pa kwenda kuchuma jani.

Mungu aubariki usharika, aibariki Dayosisi na kazi ya mikono ya watu wake. Amina.