Ua Lililokosa Mgeni



Katika karne ya 19 walowezi kutoka Uingereza walipanda huko New Zealand klova nyekundu, majani bora ya malisho. Klova ilistawi na kuchanua vizuri, lakini mbegu zake zilikuwa haba mno, hata ikawalazimu wakulima kuziagiza ng'ambo. Udongo ulikuwa mwema, wala mvua haikukosekana. Kasoro ilikuwa nini?

Klova nyekundu haiwezi kujizalisha yenyewe. Chavua, yaani ule unga wa ua, sharti itoke kwenye mmea mwingine, nayo haina miguu wala mabawa, yahitaji mchukuzi. Nyuki wa asali walikwisha kufikishwa kule mwaka 1839, lakini ulimi wao ni mfupi, hauyafikii kwa urahisi maji matamu yaliyo chini kabisa ya ua lile jembamba. Kule Uingereza kazi hiyo ilifanywa na nyuki wa namna nyingine, wanene, wenye manyoya mengi na ulimi mrefu. Majaribio ya kwanza ya kuwavusha bahari yalishindikana. Hatimaye, mwaka 1885, malkia wa nyuki hao walisafirishwa wakiwa katika usingizi wao wa majira ya baridi, ndani ya meli yenye chumba cha ubaridi, wakaachiliwa huru huko Canterbury. Wakazaana, wakaenea mashambani, na klova ikazaa mbegu.

Ndugu zangu, katika jumuiya zetu ndogondogo yumo mjane, yumo mgonjwa, yumo kijana aliyeacha kusali. Twasema upesi kwamba imani yake imekufa. Huenda haikufa, huenda imekosa mgeni. Wala tusijitetee kwamba padre na katekista wapo. Yapo maua ambayo ulimi wetu hauyafikii. Ayafikiaye ni jirani, ni mama auzaye naye sokoni, ni kijana wa rika lake. Ndiyo maana Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliulinganisha mwili mmoja na viungo vyake vingi.

Tena nyuki yule hafanyi hisani tu. Aliendea chakula, naye huondoka ameshiba. Vivyo hivyo, amtembeleaye mgonjwa hurudi nyumbani amelishwa.

Basi, kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu apige hodi katika mlango mmoja uliosahauliwa.

Mungu awabariki. Amina.