Mashairi na Mfanya Kazi
(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kusoma na kutunga mashairi. Wako wasemao kuwa chama ni mahali pa kudai mshahara tu, vina ni mambo ya arusini. Sisi hatukubali, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, shairi hukaa moyoni. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalitunzwa vichwani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua na Mzungu mmoja, Taylor, wakayakusanya. Kisha mwaka 1940 yakapigwa chapa kuwa kitabu. Yalishikwa na nini muda wote huo? Vina na mizani. Mtu akipotewa na neno, kina humrudisha njiani. Lakini barua yetu ya malalamiko ya mwaka jana, nani kati yetu aikumbuka?

Pili, shairi hutufundisha kupima maneno. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, 8 huku na 8 huku. Mwenzetu mmoja, muunganishaji wa mabehewa, alibanwa mkono usiku akapoteza vidole viwili, maana taa aliyopewa ilikuwa mbovu. Shairi alilotuletea lilikuwa matusi matupu kwa msimamizi. Tukamwambia, "Ndugu, hesabu mizani." Akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Matusi yakatoka moja moja. Yakabaki taa, saa nane za usiku, na vile vidole. Liliposomwa mkutanoni, hata wapiga kelele wa nyuma walinyamaza. Siku ile ile taa ziliandikwa katika madai ya chama.

Tatu, shairi hutaka jibu. Tusipige makofi tu tukaenda zetu. Asomaye amsomee asiyejua kusoma, tena kwa sauti, maana shairi likisomwa kimya utamu wake hupungua. Kama mtunzi amekosa, tumjibu kwa beti, kwa heshima, vina kwa vina. Hivyo ndivyo wazee wa pwani walivyojibizana.

Walioishia darasa la nne wasione haya. Marehemu Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali huko Tanganyika miaka mingi, na leo vitabu vyake vyasomwa Afrika Mashariki nzima. Kalamu haiulizi cheo.

Basi ndugu, andikeni mnayoyajua: joto la karakana, zamu ya usiku, nyumba yenye chumba kimoja na watoto sita. Sifa za wakubwa zina waandishi wake tayari. Habari zetu, tusipoziandika sisi, hazina mwandishi. Karatasi hii ya chama ina nafasi. Leteni.