Somo la Redio: Mafungu Ndani ya Protoni

Wasikilizaji, nanyi mnaofuata kwa ukurasa huu madarasani, Temeke, Kinondoni na kwingineko, wekeni penseli tayari, maana leo tutagawa mafungu.

Mnunuzi wa mchele katika soko la Tandika haridhiki na kutazama gunia kwa nje. Huchoma bambo, akavuta punje chache, akajua kilichomo. Sasa, kila kitu, hata gunia hilo, kimejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu, na katikati ya atomu zimo chembe ndogo zaidi ziitwazo protoni. Je, bambo gani litaingia humo?

Wataalamu walitumia elektroni, chembe ya umeme. Huko Stanford, Marekani, palijengwa mtambo ulionyooka, urefu wake kilomita 3 hivi, na tangu mwaka 1967 elektroni zilirushwa kwa kasi kubwa mno zikagonge protoni. Wengi walitazamia zipinde kidogo tu, kama kokoto ipitayo katika rundo la pumba. Lakini nyingi zilitupwa kando kwa nguvu: zimegonga kitu kigumu, kidogo. Vitu hivyo ni kwaki, ambazo Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walikwisha kuzifikiria mwaka 1964. Protoni ina kwaki tatu.

Sasa tuje kwenye nguvu ya mwendo. Mkokoteni mtupu na mkokoteni wenye magunia matano, hata vikiteremka kwa kasi ileile, si sawa. Wa pili husimamishwa kwa taabu. Uzito na kasi kwa pamoja ndivyo huleta nguvu ya mwendo. Nawe kama ungepanda juu ya elektroni, ungeiona protoni ndiyo inayokujia mbio, kama abiria wa basi aonavyo minazi ikikimbia. Mbio hizo zinabebwa na nani humo ndani? Wataalamu walipima elektroni imepinda kiasi gani na imebakiwa na nguvu kiasi gani, wakajua kwaki iliyogongwa ilikuwa na fungu lipi.

Mtu angedhani: kwaki tatu, kila moja theluthi, kwisha. Haikuwa hivyo. Mafungu ya kwaki zote yalipojumlishwa, yalifika karibu nusu tu! Kijumbe wa upatu akileta nusu ya fedha, hapana atakayeondoka barazani mpaka ijulikane nusu ya pili iko wapi.

Ilikuwa kwa gluoni, chembe zinazozishika kwaki pamoja kama gundi. Hizo hazina chaji ya umeme, kwa hiyo elektroni huzipita bila kuzigusa. Mimi naona hapa ndipo penye utamu: zilishukiwa kwa sababu ya hesabu iliyopungua. Dalili za wazi zilionekana mwaka 1979 mjini Hamburg, Ujerumani. Mjini humohumo, tangu 1992 hata 2007, mtambo wa mviringo uitwao HERA uligonganisha elektroni na protoni, ukaonyesha kwamba kadiri utafutavyo mafungu madogo, ndivyo gluoni zizidivyo, tele kama dagaa. Pamoja nazo huzuka jozi za kwaki na kinyume chake, kisha hutoweka. Basi ile "tatu" ni hesabu iliyobaki baada ya kufuta jozi hizo.

Haya, penseli. Tuseme kwaki zote kwa jumla zimechukua mafungu 54 katika 100. Gluoni zina mangapi? Andika jibu kwa tarakimu, kisha kwa maneno.