Twende Tukapunge Upepo: Matembezi, Michezo na Marafiki Msimu wa Kaskazi

Leo sina habari ya sindano wala ya vidonge. Leo nataka tuzungumze juu ya kupunga upepo.

Huu ni msimu wa kaskazi. Kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi jua linawaka kweli kweli, bahari imetulia, maji yamesafika, na Diani imejaa wageni. Mgeni anapanda ndege usiku kucha kutoka Ulaya ili aamke alfajiri atembee ufuoni pale. Sasa wewe uliyezaliwa Gombato, hatua chache kutoka baharini, mara ya mwisho kukanyaga mchanga ule bila ya kwenda kutafuta riziki ilikuwa lini? Najua kuna wanaocheka. Wengine watanijibu kwamba ilikuwa sikukuu ya Idi iliyopita, na wengine hawakumbuki kabisa.

Pengine utaniuliza, kupunga upepo kunahusiana nini na afya? Kunahusiana sana. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 alikuwa na shinikizo la damu, hili tunaloliita presha. Na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata siku moja maishani. Ndugu msikilizaji, presha haibishi hodi. Haiumi, haiwashi, haikohoi. Mtu anaamka vizuri, anakunywa chai yake na mahamri, na mchana upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande. Hicho ni kiharusi. Sisi hukimbilia kusema kapigwa na jini au karogwa, na saa zile za kumwokoa zinapotea tukitafuta mganga, ilhali mtu kama huyo anatakiwa afikishwe hospitalini upesi iwezekanavyo.

Kutembea ni moja katika njia za kuizuia presha, na kuishusha kwa yule aliyekwisha kuipata. Unapotembea kwa mwendo wa haraka moyo unazoea kusukuma damu bila ya kujikaza, mishipa inalegea na kupanuka. Sukari nayo, ile iliyo kwenye damu, inachukuliwa na misuli ya miguu ikatumika kama mafuta ya gari. Ndiyo maana mwenye kisukari akitembea kidogo baada ya kula, sukari yake haipandi sana kama ya yule aliyekula akajilaza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku, siku 5. Na huhitaji saa wala mashine ya kupima mwendo wako. Kipimo ni ulimi wako: ukiwa unatembea na unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini kuimba kunakushinda, mwendo huo ndio. Ukiweza kuimba taarabu mwanzo hadi mwisho, basi unajikokota.

Hapa sharti niwe mkweli. Utafiti ule ule wa 2015 uliona kwamba Wakenya wasiofanya kazi ya mwili ya kutosha ni wachache, kama 6 au 7 tu katika kila 100. Kwa hiyo mama wa Kinango unayechota maji mbali na kulima shamba la mahindi na jembe la mkono, mimi sikuambii uongeze matembezi juu ya kazi zako. Wewe unachohitaji ni kupumzika na kukaa na shoga zako, na hayo nitayafikia. Maneno haya ya kutembea nawaambia wenye maduka, walimu, makarani, madereva wa matatu na tuktuk, wastaafu, na nyinyi vijana wa bodaboda mnaokaa juu ya kiti kutwa. Nawaambia pia abiria wenu! Zamani mtu wa Bongwe alikwenda Ukunda kwa miguu akarudi, na hakujua kwamba anafanya mazoezi. Siku hizi hata kwenda msikitini mtaa wa pili tunapanda pikipiki.

Sasa jambo ambalo ndilo nimelijia leo. Daktari akikwambia "nenda ukatembee", utatembea siku 3, labda wiki 2. Ukitembea peke yako kama mtu anayekunywa dawa chungu, utachoka na utaacha. Lakini mkiwa watatu au wanne, mna mahali penu pa kukutania na saa yenu, ile siku unayojisikia mvivu utasikia mlango unagongwa: "Hodi! Bado umelala?" Aibu tu itakutoa kitandani. Tena maneno mengi husemwa njiani. Mzee ambaye hatasema mbele ya watoto wake kwamba hapati usingizi, atamwambia mwenzake wakiwa wawili wanatembea wakitazama mbele. Kwa hiyo kabla hujanunua viatu vya mazoezi, tafuta mtu wa kutembea naye.

Na pa kwenda hapakosekani. Ufuo wa Diani ni wetu sote, hauna tiketi. Maji yakipwa mchanga ule unakuwa mgumu, mzuri kwa miguu na kwa magoti ya wazee. Ukifuata ufuo upande wa Tiwi utafika Kongo, penye ule msikiti wa kale na mibuyu yake mikubwa, mto unapoingia baharini. Kinondo kuna msitu wa kaya, na mwaka wa 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, Kaya Kinondo ikiwa mojawapo. Pale utatembezwa na mwenyeji, utafungwa kaniki, utaambiwa habari za miti na dawa zake, na hutaondoka na hata jani moja. Naona haya kwamba wageni wa mbali wanaujua msitu ule kuliko vijana wetu wa Ukunda. Gazi nako kina mama wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko, unatembea juu huku kaa wakikimbia chini yako. Ukipenda hewa ya baridi kidogo, panda juu Shimba Hills, mahali pekee Kenya penye palahala wa porini. Huko kuna kiingilio, na kuna ndovu, kwa hivyo kushuka hadi maporomoko ya Sheldrick ni lazima uandamane na askari wa hifadhi. Na kama huna hata nauli, tembea chini ya miti ya barabara ya Diani jioni uwatazame mbega wakivuka juu kwa zile ngazi za kamba walizofungiwa. Watazame tu. Usiwalishe wao wala tumbili, kwa maana tumbili aliyezoea kulishwa huja akauma, na kidonda cha mnyama sharti kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Saa za kutoka: alfajiri baada ya swala hadi saa 2, au jioni kuanzia saa 10 na nusu. Kaskazi si msimu wa kutembea saa 7 mchana. Kunywa maji kabla ya kutoka, usingoje kiu, na uchukue chupa. Mwenzako akianza kuona kizunguzungu, kichwa kinamgonga, akasema maneno yasiyoeleweka na ngozi yake ina moto, hilo ni joto limempanda. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mwagie maji, mpepee, na tafuta gari la hospitali. Usimnyweshe kitu kama hajitambui.

Na bahari, wenyeji tunaidharau kwa kuwa tumeizoea. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, na watu hutembea hadi karibu na mwamba kutazama samaki na kuokota vitu. Hatari ni kwamba maji yanaporudi hujaza kwanza ule mkondo ulio nyuma yako, kati yako na pwani. Unashtuka umezungukwa. Saa za kupwa na kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyokwenda jana siyo ya leo. Waulize wavuvi pale Mwaepe au Mvuleni kabla hujaingia, hawatakutoza kitu. Vaa viatu, maana mwambani mna miiba na mna samaki wenye sumu wanaofanana na mawe.

Watoto wakati huu wa likizo watataka kuogelea, na ni haki yao. Lakini msikilizaji, nisikilize vizuri hapa, hasa nyinyi wa Msambweni na vijiji vya ndani. Mabwawa na vijito vyetu vina kichocho. Ugonjwa huu umekuwa Kwale miaka mingi, na watafiti wamekuwa wakiuchunguza Msambweni tangu miaka ya 1980. Kuna konokono wadogo wa maji baridi, ndani yao hutoka vijidudu ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini, na hutoka kwa wingi wakati wa jua la mchana, saa zile zile watoto wanapokwenda kuoga. Baadaye mtoto anakojoa damu. Kuna vijana wanaodhani kukojoa damu ni dalili ya kubaleghe, na hilo si kweli hata kidogo! Kichocho kikiachwa huharibu kibofu na figo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, ni vidonge vinavyonywewa siku moja, lakini mtoto akirudi kwenye bwawa lile lile atakipata tena. Maji ya bahari hayana kichocho, maana konokono wale hawaishi kwenye chumvi. Kwa hiyo mpeleke baharini, awe na mtu mzima anayemtazama, si anayetazama simu.

Nije sasa kwenye baraza. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huzidisha hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Sisi watu wa pwani tulikuwa na dawa yake mbele ya kila nyumba: baraza. Wazee wanacheza bao chini ya mwembe, wanapiga dhumna, kahawa chungu inapita. Kina mama wanasuka ukili, mmoja anasuka mwingine anasimulia, na jioni ya harusi wanacheza chakacha, ambayo ukiicheza nusu saa umefanya mazoezi kuliko mimi ninayezungumza hapa. Mikono inafanya kazi, akili inahesabu kete, na moyo unapata wa kuusikiliza.

Lakini si kila baraza ni dawa. Kuna baraza ambayo watu wanakaa saa 8 bila ya kuinuka, sigara mkononi, muguka shavuni, chai ya sukari vijiko vitatu na kashata juu yake. Baraza hiyo inaleta kisukari na presha. Kahawa chungu haina neno. Kashata moja haina neno pia, ukiila ukaikumbuka. Ila baada ya kila mchezo wa bao simameni, zungukeni mwembe mara mbili tatu, ndipo mpange kete tena. Anayeshindwa aende akateke maji.

Tena mwangalieni yule ambaye haji tena. Mzee aliyefiwa na mkewe, kijana aliyerudi kutoka Nairobi kazi ikiwa imekwisha, mama aliyejifungua karibuni. Mtu akikaa zaidi ya wiki 2 hana raha na chochote, halali au analala kutwa, hali chakula, hataki watu, huenda ana sonona. Ni ugonjwa na unatibika. Usimwambie ajikaze. Mpitie, mtoe mtembee hadi pwani mkarudi, na ikiwa hapati nafuu mfuatane zahanati au hospitali ya Msambweni au Kwale. Akisema maneno ya kutaka kufa, usimwache peke yake na usingoje kesho.

Kabla sijakuaga, wengi huuliza kama mwenye presha anaruhusiwa kutembea. Anaruhusiwa, na anahimizwa, ila aanze pole pole, dakika 10 kwanza, na asiache vidonge vyake eti kwa sababu sasa anafanya mazoezi. Ukisikia maumivu ya kifua au pumzi inakukatika, simama na uende hospitali. Kupimwa pia kumekuwa rahisi. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari, kwa hiyo muulize wa kijijini kwako kama anayo. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usijitibu, nenda kituo cha afya wakupime tena.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumzia macho ya wenye kisukari. Sasa hivi imekaribia saa 11 jioni, jua limelegea, na nadhani jirani yako yuko nyumbani. Kwaheri.